Ripoti ya Soko: Mnara ni biashara ya umeme, mwekezaji wa Ngulyati apige hesabu kabla ya kulipa

MSIMU wa pamba ukifika, biashara katika kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, huenda kwa vitu viwili: mizani na simu. Mizani hupima pamba, simu hupeleka fedha. Siku hizi sehemu kubwa ya malipo ya mazao hupitia benki au simu, na mwenye duka, wakala wa fedha, mwenye trekta na muuza pembejeo wote husubiri ujumbe uingie ndipo nao wauze. Mtandao ukikatika saa nane mchana siku ya mnada, mkulima ana fedha lakini hawezi kuzitoa, wakala ana noti mkononi lakini hawezi kumpa mtu, na mwenye duka anarudi kwenye daftari la madeni.

Wananchi husema "mtandao unasumbua". Lakini mara nyingi redio iliyo juu ya mnara ni nzima kabisa. Kilichokwisha ni umeme wa chini.

Wiki hii ukurasa huu unawaeleza wafanyabiashara na wawekezaji wadogo jinsi mtambo wa umeme wa vifaa vya mawasiliano ya redio unavyojengwa ndani ya raki, yaani ile fremu ya chuma inayobeba vifaa kwa kuvipanga kimoja juu ya kingine. Tunalieleza jambo hili kwa sababu watu wenye mtaji mdogo sasa wanaingia katika biashara ya kusambaza intaneti kwa redio vijijini, na wengi wao hutumia fedha nyingi kununua redio, kisha umeme wanaufunga kwa masalia.

Somo lenyewe ni fupi: mteja hanunui redio, hununua saa ambazo mtandao upo. Saa hizo hutoka kwenye raki ya umeme.

WAKUBWA WALISHAONA

Kampuni kubwa zimelijua jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Vodacom Tanzania iliuza minara yake 1,149 kwa Helios Towers Tanzania, kisha ikawa inalipia nafasi kwenye minara hiyo. Mwaka 2021 Airtel Africa ilitangaza kuuza minara yake ya Tanzania, karibu 1,400, kwa dola milioni 175 za Marekani, kwa kampuni ya ubia inayoongozwa na SBA Communications.

Kwa nini kampuni ya simu iuze mnara wake? Sababu mojawapo ni kupata mtaji. Nyingine ni kwamba kuendesha mnara ni kazi ya dizeli, betri, walinzi na mafundi wanaosafiri usiku. Kampuni inayoshika minara pekee hupanga wateja wawili au watatu kwenye mnara mmoja, na gharama ile ile ya umeme ikagawanywa. Kwa maneno mengine, kampuni ya minara ni mfanyabiashara wa saa za umeme.

Msomaji mwenye hisa chache anaguswa pia. Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, ilikusanya shilingi bilioni 476, na Agosti mwaka huo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Helios Towers iliorodheshwa London Oktoba 2019. Mwenye hisa anayesoma hesabu za kampuni kama hizi aangalie mstari wa nishati na matengenezo, si idadi ya wateja peke yake.

Vijijini kuna mkono wa Serikali. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, huzipa kampuni ruzuku zijenge mahali ambapo faida ni ndogo. Mei 2023, mjini Dodoma, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ruzuku husaidia kusimamisha mnara. Kuuwezesha uwake usiku wa mvua, mwaka wa tano, ni suala la betri.

KILICHOMO NDANI YA RAKI

Raki ya kawaida ina upana wa inchi 19, ambao ni milimita 482.6. Kimo chake hupimwa kwa ngazi, na kila ngazi ni milimita 44.45. Kifaa cha ngazi moja kutoka kiwanda chochote kinaingia kwenye raki ya kiwanda kingine chochote. Hiyo ndiyo faida yake ya kwanza kibiashara: leo unafunga kifaa cha muuzaji huyu, kesho kikiharibika unanunua kwa mwingine bila kuchonga wala kulehemu.

Mtambo wa umeme ndani ya raki una sehemu tano.

Ya kwanza ni rektifaya. Hii hupokea umeme wa TANESCO wa volti 230, ambao ni mkondo geu, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa karibu volti 54. Rektifaya za siku hizi ni vipande vidogo vinavyochomekwa kama droo. Kimoja kikifa, fundi hukichomoa na kuchomeka kingine bila kuzima mtambo.

Ya pili ni betri, ambazo zimeungwa sambamba na mzigo muda wote. TANESCO ikikatika hakuna swichi inayohama wala sekunde inayopotea. Betri ilikuwa imeshikilia tangu mwanzo.

Ya tatu ni kikatio cha betri, kifaa kinachoondoa mzigo betri ikikaribia kwisha ili isife kabisa.

Ya nne ni ubao wa mgawanyo, wenye sakiti breka ndogo kwa kila kifaa.

Ya tano ni kidhibiti, ambacho hupima volti, joto na mkondo, na kikiwa kizuri humtumia mwenye mtambo taarifa kwamba umeme umekatika.

KWA NINI VOLTI 48

Mafundi wengi wa vijijini wamezoea volti 12 za gari. Vifaa vya mawasiliano hutumia volti 48, na sababu ni hesabu ya waya.

Chukua mzigo wa wati 120. Kwa volti 12, waya unabeba ampea 10. Kwa volti 48, unabeba ampea 2.5 tu. Sasa tuseme betri iko mita 10 kutoka kwenye vifaa, na waya ni wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo urefu ni mita 20 na ukinzani wake ni karibu omu 0.14. Kwa volti 12 utapoteza karibu volti 1.4 njiani, yaani zaidi ya asilimia 11. Kwa volti 48 utapoteza volti 0.35, chini ya asilimia moja. Waya ni ule ule na redio ni ile ile, lakini mmoja anachoma fedha njiani na mwingine hachomi.

Mtego wa pili ni inveta. Wengi hununua inveta, wakatoa umeme wa betri kuwa volti 230, kisha wakachomeka chaja za redio zinazourudisha kuwa mkondo mnyoofu. Umeme umegeuzwa mara mbili. Kama kila mgeuzo unatoa asilimia 85, kinachofika ni asilimia 72 tu. Mzigo wa wati 120 utanyonya wati 166 kwenye betri. Betri ambayo ingekupa saa 12 itakupa chini ya saa 9. Kwa mwaka mzima, wati hizo 46 za ziada ni karibu uniti 403. Ukichukua shilingi 300 kwa uniti kama mfano, ni karibu shilingi 121,000 ambazo hazikuuza chochote.

Kuna jambo la hatari hapa ambalo fundi wa gari lazima aambiwe mapema. Kwenye gari, upande wa hasi ndio unaofungwa kwenye bodi. Kwenye mitambo ya simu ni kinyume: chanya ndiyo hufungwa ardhini, desturi iliyotoka kwenye simu za waya, ambako ilipunguza kutu kwenye nyaya za shaba zilizozikwa. Redio nyingi ndogo za intaneti zimejengwa kwa mtindo wa gari. Ukiunganisha mitindo hii miwili kupitia chuma cha mnara, umejitengenezea shoti. Amua mtindo mmoja kabla ya kununua, uandike kwa rangi kwenye mlango wa raki, na panapolazimu kuchanganya tumia kigeuza volti ambacho pande zake mbili zimetengana kabisa.

HESABU YA KITUO KIDOGO

Tuseme mfanyabiashara anataka kituo kidogo cha kusambaza intaneti kwa maduka, mawakala, ofisi ya chama cha msingi cha ushirika na shule jirani. Mizigo yake inaweza kuwa hivi:

Redio ya kuleta intaneti kutoka mbali: wati 25.
Redio tatu za kusambaza kwa wateja, wati 15 kila moja: wati 45.
Ruta: wati 20.
Swichi ya mtandao: wati 20.
Feni, taa na upotevu mdogo: wati 10.

Jumla ni wati 120. Kwa siku nzima ni uniti 2.88. Ni mzigo mdogo. Pasi moja ya nguo hula zaidi kwa saa inapokuwa imewaka. Tofauti ni kwamba pasi huzimwa, kituo hakizimwi.

Sasa aamue anataka saa ngapi bila TANESCO. Hapa mfanyabiashara asijidanganye. Nchi hii imepitia mgao mkubwa wa umeme mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2023. Kijijini pia nguzo huanguka kwa upepo, na fundi ana safari ndefu. Tuchukue saa 12 kuwa kiwango cha chini.

Wati 120 kwa saa 12 ni wati-saa 1,440. Gawanya kwa volti 48, unapata ampea-saa 30. Lakini betri ya risasi na asidi ikimalizwa kila mara hufa haraka, kwa hiyo tunatumia nusu yake tu. Hapo inakuwa ampea-saa 60. Ongeza robo kwa ajili ya uzee, maana betri ya mwaka wa tatu si ile ya siku ya kwanza, inakuwa 75. Dukani utanunua ya 100. Betri nne za volti 12, ampea-saa 100 kila moja, zikiungwa mfululizo zinatoa volti 48.

Kwa betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, tunaweza kutumia asilimia 80. Ampea-saa 30 inakuwa 37.5, na kwa nyongeza ya uzee karibu 47. Utanunua moduli moja ya ampea-saa 50.

Rektifaya nayo ina hesabu yake. Lazima ilishe mzigo na wakati huo huo ijaze betri. Mzigo ni ampea 2.5. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 hupenda kujazwa kwa ampea 10 hivi. Jumla ni ampea 12.5, na kwa volti 54 ni wati 675. Kipande kimoja cha wati 1,000 kinatosha. Nunua viwili. Cha pili si anasa: cha kwanza kikipigwa na radi saa tisa usiku, cha pili kinabeba kazi yote hadi fundi afike. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kuwa jenereta ndogo inayotoa wati 1,500 kwa uhakika inatosha kuokoa kituo, mradi kidhibiti kimewekewa kikomo cha mkondo wa kujaza.

BETRI IPI

Swali hili ndilo linalokula mtaji wa wengi. Betri ya gari, ile ya N70 au N100 inayopatikana kila duka la vipuri, imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa mara moja na gari. Sahani zake ni nyembamba. Ukiitumia kuwasha kituo usiku kucha, itakufa mapema na hutapata wa kumlaumu. Omba betri ya kutoa nguvu polepole, ambayo wauza sola wanaijua.

Betri iliyofungwa ya risasi ni rahisi kununua lakini ni nzito. Nne za ampea-saa 100 zina uzito wa karibu kilo 120, na haziwezi kukaa mstari mmoja ndani ya raki ya inchi 19. Zinapangwa mbili mbele, mbili nyuma, kwenye kabati lenye kina cha kutosha, kama sentimita 80, na zichukue ngazi sita za chini. Lithiamu ya ampea-saa 50 huchukua karibu ngazi tatu tu na mtu mmoja anaibeba. Bei yake ya kununua huwa juu, lakini kwa kuwa huvumilia kutumiwa na kujazwa mara nyingi zaidi, mnunuzi alinganishe bei kwa kila mwaka wa kazi, si bei ya siku ya kwanza.

Adui mkubwa wa betri ya risasi ni joto. Kanuni inayotumika na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada juu ya 25 hukata maisha yake nusu. Betri ya miaka sita, ukiiweka kwenye kibanda cha bati kinachofika nyuzi 35, umenunua betri ya miaka mitatu. Kwa hiyo kivuli, ukuta wa tofali na madirisha ya wavu ni vitega uchumi. Volti ya kujaza nayo lazima ishuke joto likipanda, karibu volti 0.07 kwa kila nyuzi moja kwa mtambo wa volti 48. Kidhibiti kizuri hufanya hivyo chenyewe, mradi waya wake wa kupima joto umebandikwa kwenye betri na haujaachwa ukining'inia.

KUFUNGA KWA MPANGILIO

Kanuni ya kwanza ni kizito chini. Betri zikae ngazi za mwisho, juu yake rektifaya, kisha ubao wa mgawanyo, kisha ruta na swichi juu kabisa. Acha ngazi moja tupu kati ya rektifaya na kifaa kilicho juu yake ili hewa ipite. Raki ifungwe sakafuni kwa boliti.

Kanuni ya pili ni fyuzi kwenye mdomo wa betri. Betri ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000, na spana ikiangukia vichwa vyake huyeyuka mkononi mwa fundi. Weka fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na betri, kabla waya haujatembea hata nusu mita, na waya uwe wa milimita za mraba 10 au zaidi. Pete na saa zivuliwe kabla ya kugusa chochote.

Kanuni ya tatu: sakiti breka ziwe za mkondo mnyoofu. Zile za nyumbani zimetengenezwa kwa mkondo geu, ambao hufika sifuri mara 100 kwa sekunde na kusaidia kuzima cheche. Mkondo mnyoofu haufiki sifuri, na cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka isiyo yake. Kila redio iwe na breka yake, ili moja ikiharibika isizime zote.

Kanuni ya nne ni kurekebisha volti. Kwa betri ya risasi, volti ya kushikilia ni karibu 54 katika nyuzi 25. Kikatio kiweke karibu volti 46, na kirudishe mzigo pale rektifaya inaporudi na betri imeanza kupanda. Kama mtambo unaruhusu vikatio viwili, cha kwanza kikate redio za wateja wa kawaida, cha pili kiache redio kuu na mteja muhimu, mathalan wakala au zahanati, hadi mwisho. Kwa lithiamu fuata karatasi ya kiwanda, usitumie volti za risasi.

Redio za juu hupata umeme kupitia waya ule ule wa mtandao unaopandisha data. Hakikisha zinakubali volti 48. Zipo za volti 24, na zikichomekwa kwenye 48 hazitoi onyo.

RADI NA UDONGO WA MBUGA

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na mnara ni mwaliko. Vizuia mawimbi ya umeme viwekwe sehemu tatu: panapoingia waya wa TANESCO, panapoingia waya wa kila redio, na kwenye mkondo mnyoofu ndani ya raki. Nyaya zote za ardhini, yaani za mnara, raki, TANESCO na vizuia radi, ziunganishwe kwenye kipande kimoja kinene cha shaba. Ardhi mbili zisizoungana ni mbaya kuliko moja, kwa sababu radi ikipiga, tofauti ya volti kati yake itapita ndani ya vifaa vyako.

Sehemu nyingi za Simiyu zina udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa mvua hushika maji na kupitisha umeme vizuri sana. Kiangazi hukauka, hupasuka, na kuiacha fimbo ya shaba ikicheza ndani ya ufa. Fundi anayepima ardhi mwezi Machi na kuandika "safi" hajamaliza kazi. Pima tena Septemba. Ukipata chini ya omu 10 kiangazi, uko mahali pazuri, na chini ya 5 ni bora zaidi. Ikizidi, ongeza fimbo, uzipeleke chini zaidi na kuziunganisha.

PASIPO NA TANESCO

Wapo watakaotaka kituo mlimani, mbali na nguzo. Hapo sola inachukua nafasi ya rektifaya, na gharama inapanda. Mzigo wetu wa uniti 2.88 kwa siku, ukichukua saa 5 za jua zuri na asilimia 30 za upotevu, unahitaji paneli za karibu wati 825. Nunua wati 1,000. Betri lazima zivumilie siku mbili za mawingu: uniti 5.76, na kwa kutumia nusu tu ni uniti 11.5, ambazo kwa volti 48 ni ampea-saa 240. Ni zaidi ya mara mbili ya betri za kituo cha kwanza. Ndiyo sababu kila wati unayoipunguza kwenye vifaa hurudisha fedha. Ukipata ruta ya wati 10 badala ya 20, umeokoa paneli na betri, si umeme peke yake.

FAIDA IKO WAPI

Tuchukue mfano mwingine. Kituo kina wateja 20 wanaolipa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 600,000. Umeme ukikatika saa 4 kwa siku 10 za mwezi, na kituo hakina betri, hizo ni saa 40. Kwa siku ya biashara ya saa 12 ni zaidi ya siku tatu. Ukiwarudishia wateja fedha za siku hizo, umepoteza karibu shilingi 66,000.

Lakini hasara kubwa si hiyo. Wakala aliyekatikiwa mara tatu mbele ya foleni ya wakulima hatadai fidia. Atahama. Mteja mmoja akiondoka ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Wakiondoka watano ni shilingi 1,800,000. Mwekezaji aichukue namba hiyo, aiweke kando ya bei ya betri aliyopewa dukani, kisha aamue. Betri inayozuia wateja watano kuondoka ni mali. Redio mpya yenye kasi kubwa inayozimika kila mara haimsaidii mtu.

Gharama nyingine mbili zisisahauliwe. Ya kwanza ni leseni: kuuza huduma ya mawasiliano kwa wananchi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na vifaa viwe vile vilivyokubaliwa. Ya pili ni ulinzi. Betri za minara zina soko la wizi, na kabati lenye komeo la ndani, jirani mwenye macho na uhusiano mwema na sungusungu wa kijiji vina thamani kuliko kamera isiyo na umeme.

MASWALI KABLA YA KULIPA

Ukurasa huu unashauri mnunuzi asitoe malipo ya mwisho hadi apate majibu ya maswali haya.

Je, rektifaya ni mbili, na moja ikichomolewa kituo kinaendelea? Ichomoeni mkiwa wote mnaangalia.

Je, betri ni za mwaka gani? Tarehe ya kiwanda ipo ubavuni mwa betri. Betri iliyokaa ghalani miaka miwili bila kujazwa si mpya hata kama ina nailoni yake.

Je, kituo kinadumu saa ngapi? Zimeni TANESCO asubuhi, mwandike volti kila saa, na mngoje. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshajibu swali.

Je, fyuzi na breka zimeandikwa majina, na michoro ya nyaya imebandikwa mlangoni? Fundi wa leo anaweza kuwa Mwanza siku ya hitilafu.

Je, ardhi imepimwa, na namba iko wapi?

Baada ya hapo kazi ni ya daftari. Kila mwezi mtu aandike volti ya kila betri, akaze vichwa vya nyaya, afute vumbi na kutazama kama panya wameingia. Kila miezi mitatu jaribio la kuzima lirudiwe kwa saa chache. Betri ikianza kushuka haraka kuliko jaribio lililopita, agiza nyingine mapema, kabla msimu wa kununua pamba haujafunguliwa. Mwenye kuagiza Juni, foleni ikiwa imeshasimama mbele ya wakala, atanunua kwa bei ya mtu mwenye shida.